Nje ya Mipaka

Ukurasa wa kwanza nimeandika: Madhumuni.
Nikafuta. Nikaandika tena.
Feni ya ofisi yetu Sinza inazungusha joto lilelile,
na Bwana Lyatuu anautaka waraka Ijumaa.
"Kurasa kumi tu, dada. Wafadhili hawasomi."

Zahanati iko Mbagala, mfumo ni wa kliniki ya wajawazito.
Waliniambia: uwe mwepesi.
Gwamaka, atakayeandika programu, akauliza:
"Mwepesi kama unyoya? Nipe sekunde."
Nikaandika: tatu, hata mtandao ukisuasua.
Waliniambia: uwe mzuri, uwe kama wa benki.
Kila neno tamu nikalimenya, nikitafuta kokwa.
Mengine yalikuwa maganda matupu.

Basi nikaenda kukaa benchi moja na wanaosubiri,
siku mbili, nikimtazama nesi Sihaba akijaza leja
yenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa gunia.
Jina. Umri. Mimba ya ngapi. Wiki. Presha.
Halafu pembeni, pasipo na safu,
kiduara chekundu.
"Hiki nini?"
Akacheka kidogo. "Hicho si cha serikali.
Huyo hana nauli ya kurudi.
Nikikiona, siku yake ikifika,
nampigia jirani yake."

Kwenye fomu ya wizara hakimo.
Kwenye mkataba hakimo.
"Nje ya mipaka," akasema Lyatuu. "Kipeleke sura ya tisa,
kwenye yale ambayo mfumo hautafanya."
Nikaandika:
mfumo hautalipa nauli,
mfumo hautabisha hodi,
mfumo hautajua jirani ni nani.
Nikaisoma kwa sauti.
Feni peke yake ikajibu.

Waraka si mfumo, najua.
Ni utepe shingoni mwa fundi cherehani
kabla mkasi haujagusa kitambaa;
kiuno kikipimwa vibaya
usije ukailaumu sindano.

Gwamaka, macho yake yakiwa bado kwenye kioo:
"Hicho kiduara, kina ukubwa gani?"

Nikarudi sura ya nne, kifungu cha kumi na mbili,
nikaongeza:
Nesi ataweza kuweka alama nyekundu
pembeni ya jina lolote,
bila kuulizwa sababu.
Kipaumbele: lazima.

Ijumaa, kurasa kumi na moja.
Lyatuu akazihesabu mara mbili.