Shamba la Juu ya Dari

Chini, huku Majengo, jembe hugonga jiwe likatoa cheche:
lava haijui mbegu.
Basi mke wangu Kavugho akapandisha udongo juu,
gunia kwa gunia,
chukudu hadi ngazini.

Fundi Sekanabo aliguna:
"Mama, udongo mkavu ni mgeni mmoja.
Ukilowa, ni ukoo mzima."
Akaongeza nguzo mbili,
akatandika turubai,
kisha kokoto nyepesi za mlima uleule
uliotuchomea nyumba.
Akaacha tundu la maji.

Mvua inayopiga ngoma kwa jirani
kwetu inanong'ona,
inachujika, inajaza bidoni polepole.
Mchana chumbani hatutokoti.

Jirani anauliza: hiyo ni nyumba ama shamba?
Kavugho hajibu.
Anachuma lengalenga,
anamwangushia fungu.