Kibaya Chajitembeza

Meza ya Vazha, Kutaisi, asubuhi ya theluji chafu:
kamera mbili juu ya gazeti.
Ya Kijerumani inafyatuka kama mtu anayemeza mate;
ukiitazama, bei inakutazama.
Ya Kisovieti inagonga kama mlango wa stoo,
ngozi imebanduka, na filamu huikwaruza kidogo.

Ndani ya kitundu, Vazha ni wawili:
mmoja wa kweli, mmoja kivuli cha manjano.
Nazungusha lenzi. Wanakaribiana, pua kwa pua,
wanakataa kuungana.

“Hiyo imepofuka,” asema. “Kizuri chajiuza.”

Najua. Lakini mimi napeleka barua:
ngazi mia, mbwa, mvua.
Nasogea hatua moja.
Wawili wanakuwa Vazha mmoja
na jino lake la dhahabu.

Naichukua inayojitembeza.