Neno Nililoliruka

Jumatano, nikishatoka soko la wanawake hapa Ibra,
naketi jikoni na daftari.
Nyanya, riali moja na baisa mia mbili.
Ndimu kavu. Uzi wa kofia, rangi ya zambarau.
Samaki wa Sur, ghali, na macho yake yalishaanza kulala.
Juu ya ukurasa nimeandika MATUMIZI
kwa mwandiko wangu wa Pangani, wa darasa la saba,
herufi zimeinama kama watu wanaochungulia dirishani.

Wijdani, miaka tisa, anaingia na kikombe cha maziwa.
"Mwanakombo, kutoa pesa ukanunua kitu,
kwa Kiswahili mnasemaje?"

Kutumia.

"Basi? Neno moja tu?"

Hapo nikayamwaga.
Ukidaiwa, unalipa.
Ukiwa baba wa bibi harusi unagharimia,
na jasho linakutambaa ndani ya kanzu mpya.
Msikitini unatoa, mkono wa kushoto usijue.
Ami yako Harithi, na lile gari lake la tatu, anafuja,
ila usimwambie nimesema.
Kuponda ni kwa vijana, husemwa kwa kicheko;
nusu ya pili ya methali, ile ya kufa kwaja, huachiwa wazee.
Na pesa huliwa. Mjomba wangu alikula ada yangu ya sekondari
bila chumvi, bila maji ya kuteremshia.
Kubana je? Hiyo si kutumia, mwanangu.
Hiyo ni kuzuia pumzi.

Anacheka, anaandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia.
Nikampa masurufu, nikampa na israfu,
nikayatamka kama mtu na nduguye,
naye akanikatiza, ulimi umekaza:
masurufu ni ya sadi, nzito, inajaza mdomo;
israfu ni ya sini, nyembamba, ya nyoka majanini.
"Hayahusiani kabisa!"
Kumbe. Sisi kule pwani tuliyapokea yote mawili
tukayavika sauti moja,
na labda ndiyo maana pesa ya njiani na pesa ya anasa
hadi leo zinatupotea mfuko mmoja.

"Na hiyo tumia, haina ndugu?"

Anao. Tuma: nifanyavyo mimi kila tarehe tatu
kwenye kioo cha duka la sarafu,
riali sabini, risiti ndefu kama ulimi.
Mimi natuma, wao wanatumia.
Tofauti ni irabu moja, na bahari.
Tumika: kama sufuria hii. Kama miaka sita.
Tumikia. Mtumishi.
Nikafika hapo, nikaliona linalofuata
limesimama mlangoni, halijabisha hodi.
Nikafunika kalamu.

"Yameisha?"

Yameisha.

Bibi yake, Bi Ghaniya, mzaliwa wa Wete,
alikuwa kitini karibu na friji, anavuta tasbihi.
Kiswahili chake ni cha zamani, cha vyumba vya ndani,
wala hakikosi hata silabi.
Tasbihi ilisimama.
Punje moja, kati ya kidole na kidole, haikuvutwa.
Alilijua neno nililoliruka.
Nimeliruka kwa ajili ya mtoto, au yake, au yangu?
Mimi mwenyewe sijui.

Kiyoyozi kikakohoa. Wijdani akaondoka na maziwa yake.
Bi Ghaniya akaomba daftari, akavaa miwani,
akashuka na kidole mstari kwa mstari,
nyanya, ndimu, uzi, samaki.
Kisha akaichukua kalamu mkononi mwangu
na chini kabisa, chini hata ya jumla,
akaandika kwa mkono unaotetemeka:
Mwanakombo, miaka sita.
Upande wa pili, penye tarakimu,
akaacha wazi.

"Hii," akasema, "sijui tuiandike kwa neno gani."

Nami niliyekuwa na maneno kumi dakika ile tu
sikumjibu.
Nikainuka kumpara yule samaki wa Sur.