Kona Isiyo na Mti

Ramani ya ofisi ilichora mstari ulionyooka
kutoka mlango wa jengo la tatu hadi visanduku vya barua.
Hatua tisini na mbili. Nilizihesabu mwenyewe alfajiri,
pumzi ikinitoka kama moshi wa kuni mbichi;
Mei ya Sudbury bado ina meno.

Lakini nyasi zilikuwa na kauli yao.
Kijia chembamba, kilichotafunwa na viatu,
kilitoka mlangoni, kikaenda sawa, halafu katikati
kikapinda kushoto kama mtu anayempisha mkubwa,
kisha kikarudi kwenye mwendo wake.
Pale kilipopinda hapakuwa na kitu.
Nyasi tu.

"Wanakwepa nini hawa?" nikauliza.
Odile Charlebois, msimamizi wetu, hakunijibu.
Alikwenda kugonga dirisha la ghorofa ya chini.

Akatoka Bi Aino Lehtonen na kigari chake cha kutembelea,
magurudumu manne, breki mbili,
kengele ya baiskeli aliyoifunga mwenyewe kwa waya.
"Palikuwa na mti," akasema. "Gome jeupe.
Upepo uliuangusha mwaka aliozaliwa Tuomas."
"Tuomas ana miaka mingapi?"
"Ana ndevu."

Odile akachukua kopo la rangi ya chungwa,
akafuata miguu ya watu, si ramani.
Simu ya ofisi ikalia; akaisikiliza akitazama mawingu.
"Kona haili lami kama ugomvi unavyokula siku,"
akasema, akaizima.

Basi tukachimba.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta;
wahenga hawakuwahi kuona maji yakilala chini ya zege
yakaamka Januari yakiwa barafu,
yakaibeba njia nzima mabegani.
Huku ufa huzibwa kutoka chini.
Tukatoa udongo mweusi hadi magotini,
tukatandika kitambaa, tukamwaga kokoto,
tukashindilia, tukamwaga tena, tukashindilia,
hadi nyayo za buti zikakataa kuandika.
Nikaweka pimamaji: kila mita, sentimita mbili za mteremko,
maji yapate pa kwenda bila kuuliza.

Gaétan alichelewa na lori.
Nilimtukana kimoyomoyo, kisha kwa sauti.
Lami haingoji mtu: ikipoa humo ndani
unabaki na jiwe moja lenye ukubwa wa lori.
Alipofungua mlango wa nyuma mvuke ulitufunika,
ile harufu inayokaa kwenye nywele hadi Jumapili,
na reki zikaanza, haraka, haraka,
bila baraka wala nafasi ya kuziomba.

Mtambo wa kushindilia haupendi kona.
Huenda mbele, hurudi nyuma, ni mnyama wa mstari.
Hivyo ile kona nikaitwanga kwa mkono,
kipande kwa kipande, ukingo kwa ukingo,
jasho likidondoka na kuchemka kabla halijatua.
Nilikuwa nikilaani mti ambao sikuwahi kuuona.

Kesho yake tulirudi kuondoa utepe.
Watoto walikwisha kupita na baiskeli, bila shaka;
alama moja ya tairi, nyembamba, nikajifanya sijaiona.
Bi Aino akaja na kigari, na kwa mara ya kwanza
magurudumu yake hayakusema neno.
Tulisikia kengele tu, ikitikisika kidogo.
Alipofika kwenye kona akapunguza mwendo,
na mgongo ule ambao tayari umepinda
akauinamisha zaidi,
kama mtu anayepita chini ya tawi.
Akainuka. Akaendelea na barua zake.

Mimi nilipopita na toroli tupu,
sijui kwa nini,
nami nikainama.

Jioni Odile alijaza karatasi ya ofisi kwenye boneti ya gari.
Nilichungulia begani kwake.
Kazi ya ziada: kona, moja.
Sababu: mti.