Wanga Ndani ya Gunia

Bosi kaleta gunia jipya la Koplo:
kilo kumi na tano, picha ya paja linalotiririka mafuta,
mbwa wa Kizungu akicheka kwa meno yote.
"Wandeka, hiki ndicho wanachokula mbwa wa Kololo,"
akasema, akafunga geti, akaenda kulala.

Mimi hulinda ghala la kahawa hapa Mbale,
mtaa wa viwanda, mlima Wanale mgongoni kwangu.
Usiku ni mrefu, na kusoma nilifunzwa jeshini.
Nikageuza gunia. Nyuma yake
maandishi madogo kama mayai ya chawa.
Nikawasha tochi.

La kwanza, nyama ya kuku. Vizuri.
La pili, unga wa mahindi.
La tatu, pumba za mahindi. La nne, gluteni ya mahindi.
Nikacheka peke yangu, Koplo akainua sikio.
Tulikuwa nao kambini hawa,
mtu mmoja kajiandikisha kwa majina matatu
ili posho itoke mara tatu.
Waite mstarini, waitike kwa sauti yao moja:
mahindi ndiye kamanda,
kuku ni mpiga tarumbeta tu, katangulizwa aonekane.

Asubuhi nikalibeba begani hadi kwa Khainza
anayeuza vyakula vya mifugo nyuma ya soko.
"Na huyo kuku," akasema, "walimpima mbichi, na maji yake yote.
Mkaushe uone atakavyorudi nyuma ya foleni.
Mimi naamini gunia linalosema mukene,
jina lake na harufu yake,
kuliko linalosema 'mazao ya wanyama'.
Mnyama gani? Alikufa na nini?"
Khainza haulizi ili ajibiwe.
Akatia mkono, akanusa kiganja.
"Ukungu hamna. Hapo shukuru.
Sumukuvu haiandikwi popote, hiyo ni kazi ya pua."

Tukashuka kwenye hesabu.
Protini kumi na nane. Mafuta sita.
Nyuzi tano. Unyevu kumi.
Majivu kumi na mbili. Majivu? Nani kachoma nini?
"Mifupa, mzee. Mifupa mingi, mnofu haba."
Nikajumlisha kwa kipande cha mkaa
juu ya saruji ya baraza lake:
hamsini na moja.
Mia, toa hamsini na moja.
Arobaini na tisa hazina jina.
Nikasoma tena, juu hadi chini, ubavu kwa ubavu.
Khainza alikuwa anampimia mtu chokaa ya kuku.
Hakugeuka. "Wanga," akasema.

Wanga!
Miaka sita nakesha
nikiambiwa wanga hupita uchi kabla ya alfajiri,
na sijaona hata unyayo.
Kumbe hulala humu, karibu nusu ya gunia,
na paja limebandikwa mlangoni.

Sisemi ni sumu. Mimi mwenyewe
nimejengwa kwa posho na maharage,
na nyama nilikuwa naiona siku ya mshahara.
Lakini mimi sikuandikiwa paja kifuani.
Na Koplo ana miaka minne, mbwa kamili,
huzunguka ua huu mara arobaini kwa usiku.
Manyoya yake yamefifia kama kofia ya mgambo.
Kinyesi chake, ambacho mimi ndiye nakizoa,
ni kikubwa kuliko alichokula, nusura niseme.
Hiyo nayo ni lebo. Hiyo haina picha.

Saa kumi usiku nikafungua kitabu cha zamu,
nikaandika kwa mwandiko wangu bora,
bosi akifika asome kabla ya chai:

*Hali shwari. Mvua kidogo. Kufuli zote salama.
Askari hewa watatu wamekamatwa ndani ya gunia.
Naomba mukene, kilo mbili, usio na mchanga.*

Koplo alikuwa amelamba bakuli hadi likahama mahali.
Yeye hajui hesabu. Ana njaa.