Nukri Alipoachia

Mwaka ule Kutaisi maji yalikuja kwa zamu,
umeme nao ukaja ukipenda,
na Mwalimu Tsiala akasema: vizuri,
leo shida zetu ndizo kitabu.

Tanki lililo juu ya paa, alisema, ndiyo volti:
kadiri lilivyo juu, ndivyo maji yanavyosukumwa.
Mkondo ni kile kinachopita bombani.
Na ukinzani? Akatutazama mmoja mmoja.
"Kutu," akasema Lela wa ghorofa ya tano,
ambaye ndoo yake hujaa kwa nusu saa.
Kutu! Tukacheka. Tukaandika.
Kwa mara ya kwanza namba zile zilikuwa na sauti,
zilikoroma ukutani kama mabomba ya usiku.

Ndipo Nukri, mwana wa fundi bomba,
aliyezoea kulalia daftari lake,
akanyoosha mkono.
"Bomba likikatwa, jirani wa chini analowa.
Waya ukikatwa, mbona umeme haumwagiki sakafuni?"

Gogo likapasuka jikoni.
Chaki ikabaki hewani.
Nilidhani atamfokea,
kumbe alivuta kiti, akaketi
kama mtu aliyeletewa zawadi asijue pa kuiweka.
"Hapo," akasema, "tanki langu limevuja."

Tukasogeza madawati ukutani.
Tukashikana mikono, watu ishirini na saba, duara moja,
kama harusini kwao milimani,
tukazunguka na makoti yetu, buti zikigonga mbao.
"Umeme haukai tankini ukisubiri kumwagwa.
Ni ninyi, mmeujaza waya tangu mwanzo, na mnakwenda pamoja.
Haya, Nukri. Achia."

Nukri akaachia mkono wangu.
Duara zima likakwama,
hata Lela, kule upande wa pili,
mguu mmoja juu.

"Na betri ni nani?" akauliza Nukri.
Mwalimu alicheka hadi akafuta macho.
"Kesho. Nipeni usiku mmoja
nitafute uongo ulio karibu zaidi na kweli."

Kesho yake alituletea nini, nimesahau.
Nukri alihamia Batumi, hakuandika.
Mimi naunganisha nyaya kwa mshahara,
najua hesabu zake zote, sizihitaji picha.
Lakini taa zikizimika ghafla mtaa mzima,
kabla sijapapasa kiberiti
kiganja changu cha kushoto hupoa:
mahali fulani gizani
kuna mtu ameachia.