Deni la Zuzu

Ndahani Mbeleje alipanga kwangu chumba cha mbele,
Majengo, mkabala na mashine ya kusaga,
akatundika kibao: ZUZU KOMPYUTA.
Nikamwambia, baba, jina gani hili?
Nani atanunua akili kwa zuzu?
Akasema Zuzu ndiko kwao, treni husimama pale,
na asiyejua akasome ramani.

Watu walicheka. Hata mimi, mwenye nyumba,
nilichekea ndani ya kanga
mpaka mwezi wa tatu, kodi ilipokosekana.

Alikuwa na vijana wawili, Elikana na Sechelela,
na soda moja ya kugawana.
Waliunda kompyuta kwa betri ya pikipiki
na bati la debe la mafuta ya alizeti;
ikipata moto, chumba kizima kilinuka mashudu.
Nzito. Tena goigoi:
ungeweza kupeta mchele sinia nzima
yenyewe bado inatafuta herufi ya pili.
Lakini umeme ukikatika
(na miaka ile upepo wa Agosti tu ulitosha kuukata)
mashine za wenzake ziliamka kama walevi,
hazijui zilikuwa wapi wala na nani.
Ya Ndahani ilinyamaza tu.
Umeme ukirudi, iliandika kwa kijani:
Mbukwa.
Halafu ikaendelea palepale, katikati ya neno.

Nilimuuliza siri yake. Alikuwa anakula ugali kwa mlenda,
akajibu bila kuinua macho:
"Inaandika kwanza, ndipo inatenda.
Kama wewe na daftari lako la kodi."
Hadi leo sijui ilikuwa sifa au tusi.

Miaka minne, aliuza mashine saba.
Mbili zilirudishwa.
Moja niliichukua mimi kufidia miezi miwili,
nikaiwekea redio juu yake.
Miezi kumi na mmoja ikabaki daftarini.
Benki ilikuja, ikabeba meza, ikaacha makaratasi.
Makaratasi yale, michoro na hesabu,
Ndahani aliyafunga kwa mpira wa baiskeli,
akapanda nayo chuoni kilimani
akawagawia wanafunzi bure,
kama mtu anayegawa watoto wa paka.
Sechelela alilia.
Mimi nilisema, hayo si ungeuza?
Akaenda zake Mpunguzi kupanda zabibu.

Mwaka huu nimepeleka mahindi Kibaigwa,
magunia kumi na manne.
Gunia la tisa likiwa juu ya mizani, umeme: pu!
Nikajua hapa tunaanza moja,
na kuibiwa juu yake.
Umeme ukarudi. Kioo cha mizani kikaandika
Mbukwa
kikaendelea: tisa.

Kijana wa mizani, mgeni kutoka Bukoba,
nikamuuliza, neno hili nini?
"Kosa la mfumo, mama. Lizoee.
Lipo kwenye mizani zote, hospitali lipo,
mita za maji lipo.
Wakubwa wetu walilikuta ndani.
Kila aliyelifuta, mashine ilisahau kuhesabu,
basi wakaliacha."

"Si kosa," nikasema. "Ni salamu.
Ukisalimiwa, unaitika."
Akanitazama kana kwamba na mimi nimepanda mizani.

Risiti nimeibandika daftarini,
ukurasa wa Ndahani, chini ya ile miezi kumi na mmoja.
Mkwe wangu anasema, futa hilo deni, mama,
mtu mwenyewe kafilisika, mtu mwenyewe zuzu.
Nimeshika kalamu mara mbili nikaiweka.
Naogopa.
Nikilifuta, sijui na mimi
nitasahau kuhesabu nini.